Jiwe, Kamba na Bodaboda: Mwendo, Kasi na Mchapuko katika Nchi ya Dhahabu



Sisi mafrateri wa falsafa tunakutana na mwendo mapema sana katika masomo yetu. Aristotle anatufundisha kwamba mwendo ni kutimia kwa kile kilicho katika uwezekano, kwa kadiri kingali katika uwezekano. Sentensi hiyo inakula vipindi viwili au vitatu, na hata baada ya hapo tunaendelea kubishana bwenini mpaka taa zinazimwa. Lakini waumini wanaotuuliza likizo, "Frateri, huko mnasoma nini?", ni wachimbaji wa Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na Mwakitolyo, ni vijana wa bodaboda wa Kahama, ni akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu karibu na makarasha. Kwao mwendo ni jiwe linaloponyoka mdomoni mwa duara, kamba inayomshusha mtu gizani, na pikipiki inayokata kona ya sokoni ikiwa na abiria wawili. Makala hii tunaiandika kwa ajili yao, na kwa ajili yetu pia tunaohubiri kwenye misa za mazishi yao. Aristotle tunamweka pembeni kidogo. Atarudi.

Tuanze na kasi, kwa sababu hiyo kila mtu anaijua. Kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda. Kutoka Shinyanga mjini hadi Kahama ni takriban kilomita 100. Basi likitumia saa 2, kasi yake ya wastani ni kilomita 50 kwa saa. Lakini hakuna abiria aliyewahi kusafiri kwa wastani. Pale Tinde basi limesimama, kasi ni sifuri, wauza mahindi wako dirishani. Mbele kidogo barabara imenyooka, na dereva anakaribia kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mabasi ya abiria. Akizidisha, kifaa cha ufuatiliaji cha LATRA kinampigia kelele. Kile ambacho mshale wa dereva unaonyesha sasa hivi, wakati huu huu, ndiyo kasi ya papo hapo. Wastani unakusaidia kujua utafika saa ngapi. Kasi ya papo hapo ndiyo unayokuwa nayo ng'ombe anapoingia barabarani.

Katika hesabu zote zilizo hapa chini tutatumia mita kwa sekunde badala ya kilomita kwa saa, maana hakuna anayegongwa kwa muda wa saa nzima. Kugeuza ni rahisi: gawanya kwa 3.6. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde. Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde.

Kasi ikishapewa mwelekeo inaitwa velositi. Wapo wanaoona huku ni kuchezea maneno, lakini ukisimama kwenye winchi ya duara utaona tofauti. Kiroba cha mawe kinachopanda kwa mita 1 kwa sekunde na mtu anayeshuka kwa mita 1 kwa sekunde wana kasi moja, ila velositi zao ni kinyume kabisa, na kama wamefungwa kwenye kamba moja watapishana katikati. Vivyo hivyo kwa yale magari makubwa ya kubeba mawe katika shimo la wazi la mgodi wa Geita, yanayopanda barabara zinazozunguka kingo za shimo. Dereva anaweza kushikilia mwendo uleule tangu chini hadi juu, mshale usitikisike, na bado velositi yake imebadilika kwenye kila kona, kwa kuwa ameelekea kwingine.

Sasa tunaingia kwenye neno lenyewe. Velositi inapobadilika, kiasi inachobadilika kwa kila sekunde kinaitwa mchapuko. Neno hili lipo katika kamusi za fizikia za Kiswahili tangu zamani, lakini wengi wetu tulisoma sekondari kwa Kiingereza na hatukuwahi kulitamka. Ni neno zuri. Linatoka kwenye kuchapuka, kwenda upesi. Hasara yake ni kwamba linamfanya mtu afikirie kuongeza mwendo tu. Katika fizikia, kufunga breki ni mchapuko pia, ila unaelekea nyuma. Na kukata kona, hata bila kuongeza wala kupunguza mwendo, ni mchapuko unaoelekea ndani ya kona. Ndiyo sababu abiria wa bodaboda anahisi kama anatupwa nje: mwili wake unataka kuendelea mbele moja kwa moja, na pikipiki inaondoka chini yake kwenda upande.

Kipimo chake huwachanganya watu kwa sababu kinataja sekunde mara mbili: mita kwa sekunde, kwa kila sekunde. Hakuna kosa la uchapaji hapo. Pikipiki inayoondoka kituoni na baada ya sekunde moja ina mita 2 kwa sekunde, baada ya mbili ina mita 4 kwa sekunde, baada ya tatu ina mita 6 kwa sekunde, mchapuko wake ni mita 2 kwa sekunde kwa kila sekunde. Sekunde ya kwanza ni ya kasi yenyewe. Ya pili ni ya kuhesabu jinsi kasi hiyo inavyoongezeka.

Na jambo la kushangaza kidogo: mwili wetu hauhisi kasi hata kidogo. Unahisi mchapuko peke yake. Hivi unavyosoma, ukiwa umekaa Shinyanga, unazungushwa pamoja na dunia kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na chai haimwagiki kikombeni. Lakini daladala ikifunga breki ghafla kutoka kilomita 30 tu, mzee wa watu anaangukia kiti cha mbele.

Hapa Aristotle anarudi. Yeye alifundisha kwamba kitu kinaendelea kwenda mradi kuna kinachokisukuma, na kwamba kizito huanguka upesi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake. Tusimcheke. Fizikia yake ni fizikia ya mkokoteni wa ng'ombe kwenye barabara ya mchanga: ng'ombe wakisimama, mkokoteni unasimama. Msukuma yeyote aliyelima kwa ng'ombe angekubaliana naye. Na ukiuliza watu kumi kwenye duara lolote kama jiwe la kilo 5 na jiwe la nusu kilo yakiachiwa pamoja lipi litatangulia kufika chini, wengi watakujibu bila kusita kwamba ni lile kubwa.

Lakini sivyo. Yanafika pamoja. Katika karne ya 6, Yohane Philoponus, Mkristo wa Aleksandria, alishaandika kwamba ukiangusha vitu viwili vyenye uzito unaotofautiana sana, tofauti ya muda wa kufika ni ndogo mno. Galileo alikuja kulipinga wazo la Aristotle kwa hoja ambayo mwanafunzi wa mantiki ataifurahia, kwa kuwa haihitaji hata jiwe. Tuseme kweli jiwe kubwa huanguka upesi na dogo polepole. Yafunge pamoja kwa kamba. Lile dogo litalichelewesha kubwa, kwa hiyo yote mawili yataanguka polepole kuliko kubwa likiwa peke yake. Lakini yakiwa yamefungwa pamoja ni zito zaidi kuliko lile kubwa, kwa hiyo yanapaswa kuanguka upesi zaidi. Dhana moja imezaa matokeo mawili yanayopingana. Basi dhana ni ya uongo. Njia pekee ya kutoka ni kukubali kwamba yote huanguka sawasawa. (Unyoya na jani ni habari nyingine, kwa sababu hewa inavishikilia. Kwa jiwe, hewa ya ndani ya duara haina neno kubwa.)

Tunapenda kukumbusha kwamba njia hii ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na watu wa altareni. Katika karne ya 14 Nicole Oresme, aliyekuja kuwa Askofu wa Lisieux, Ufaransa, alichora kasi na muda kama umbo: muda umelala chini, kasi imesimama wima, na eneo la pembetatu linalopatikana ndilo umbali uliosafiriwa. Mwaka 1551 Mdominiko Domingo de Soto wa Hispania aliandika kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa kiwango kilekile muda wote. Galileo alichapa kitabu chake kikuu cha mwendo mwaka 1638, akiwa chini ya kifungo cha nyumbani baada ya kesi yake ya 1633, kesi ambayo Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani mwaka 1992 kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea ndani yake. Halafu kuna Mjesuiti Giovanni Battista Riccioli. Huyu tunampenda zaidi ya wote. Alidhani Galileo amekosea, akaenda kumpima. Alipanda mnara wa Asinelli pale Bologna, wenye karibu mita 97, akaangusha mipira ya udongo. Saa za kuaminika hazikuwapo, kwa hiyo alitumia pendulamu, akawaweka watawa wenzake waimbe kwa kufuata mapigo yake. Kwaya ikawa saa. Matokeo yakampa haki Galileo, na Riccioli akayachapa hivyohivyo mwaka 1651.

Kiwango alichokuwa anakitafuta ni karibu mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde. Sisi tutatumia 10 ili hesabu zifanyike kichwani. Maana yake ni kwamba jiwe lililoachiwa lina kasi ya mita 10 kwa sekunde baada ya sekunde 1, mita 20 baada ya sekunde 2, na mita 30 baada ya sekunde 3. Umbali unapatikana kwa kuzidisha muda kwa muda, kisha kwa 5. Sekunde 1: mita 5. Sekunde 2: mita 20. Sekunde 3: mita 45.

Twende nayo kwenye duara la mita 45. Jiwe linaponyoka kwenye matimba ya juu. Katika sekunde ya kwanza linashuka mita 5 tu. Katika ya pili, mita 15. Katika ya tatu, mita 25. Yaani zaidi ya nusu ya duara lote linapitwa katika sekunde ya mwisho, na jiwe linafika chini kwa mita 30 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 108 kwa saa. Hakuna basi linaloruhusiwa kwenda mwendo huo kwenye barabara yoyote ya Tanzania. Na kijiwe cha ukubwa wa ngumi kinatumia muda uleule na kufika kwa kasi ileile kama jiwe la ukubwa wa kichwa. Mtu akisema "ni kijiwe tu", amesema kweli kuhusu uzito, lakini muda wa kukikwepa haujaongezeka hata kidogo.

Ila mwanzoni jiwe lina udhaifu mmoja: linaanza polepole. Sauti haianzi polepole. Inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde tangu inapotoka mdomoni. Mtu wa juu akiona jiwe limeponyoka na akapiga kelele "Jiwe!" ndani ya nusu sekunde, jiwe lenyewe limeshuka mita moja na robo tu. Sauti yake inafika chini kwa muda usiofika sehemu moja ya saba ya sekunde. Aliye chini anabakiwa na sekunde 2 na zaidi kidogo. Zinatosha hatua mbili tatu za kuingia njia ya pembeni, kama anajua iko upande gani na kama haijazibwa na viroba. Akiduwaa yule wa juu kwa sekunde 2, akisema labda litakwama, jiwe limeshafika mita 20 na aliye chini anabakiwa na chini ya sekunde moja. Katika sekunde hiyo atafanya kile ambacho kila mtu hufanya: atatazama juu kuona kuna nini.

Kwenye duara la mita 20 safari nzima ya jiwe ni sekunde 2. Huko hata mpiga kelele hodari anamwachia mwenzake chini kidogo ya sekunde moja na nusu. Watu hudhani duara fupi ni salama kuliko refu. Kwa habari ya nguvu ya jiwe wana haki kiasi. Kwa habari ya muda wa kukimbia, ni kinyume.

Kamba nayo ina mambo yake. Mchimbaji wa kilo 70 anashushwa kwa winchi ya mkono. Akining'inia tu, au akishuka kwa kasi isiyobadilika, kamba inabeba kilo 70. Watu wengi huishia hapo: kamba ilibeba mtu jana, itambeba leo. Sasa mpini unaponyoka mkononi mwa mwenye winchi kwa moja ya tano ya sekunde, kisha anaudaka. Katika kitambo hicho mchimbaji ameanguka sentimita 20, kama shibiri moja, na amepata kasi ya mita 2 kwa sekunde. Si kitu. Lakini kasi hiyo inabidi iishe. Kama inaisha taratibu kwa sekunde 2, mchapuko wa kumsimamisha ni mita 1 kwa sekunde kwa kila sekunde, na kamba inahisi kama imebeba kilo 77. Kama inaisha ghafla, kwa moja ya kumi ya sekunde, mchapuko ni 20, mara mbili ya ule wa kuanguka, na kamba inahisi kilo 210. Mtu ni yuleyule, shibiri moja tu ya kuponyoka, na mzigo umekuwa wa watu watatu. Newton aliliweka hili wazi mwaka 1687: nguvu inalingana na tungamo ya kitu mara mchapuko wake. Wenye duara wanaonunua kamba "ya kutosha mtu mmoja" wamenunua ya mtu asiyewahi kuponyoka.

Sasa barabara, maana ni wengi zaidi wanaopanda bodaboda kuliko wanaoshuka duarani. Hesabu hapa ni ileile ya jiwe, ikirudi nyuma. Tuseme breki za pikipiki kwenye lami kavu zinampunguzia dereva mita 5 kwa sekunde kwa kila sekunde, na tumpe sekunde 1 ya kuona hatari na kuanza kufunga breki. Mtoto anaingia barabarani mita 40 mbele.

Dereva wa kwanza ana kilomita 36 kwa saa. Anapita mita 10 kabla ya kufunga breki na mita 10 nyingine akiwa amezifunga. Amesimama mita 20, nusu ya nafasi aliyokuwa nayo. Wa pili ana kilomita 54: mita 15 za kushtuka, mita 22 na nusu za breki, jumla 37 na nusu. Amesimama, tairi ya mbele ikiwa mita mbili na nusu kutoka kwa mtoto. Wa tatu ana kilomita 72, mara mbili tu ya yule wa kwanza. Mita 20 zinakwisha kabla hajagusa breki. Breki zake zinahitaji mita 40, mara nne ya zile za dereva wa kwanza, na yeye amebakiwa na 20. Pale ambapo wa pili tayari amesimama, wa tatu anamgonga mtoto akiwa bado na kilomita 51 kwa saa.

Watu wengi tuliowaonyesha hesabu hii hawaiamini mara ya kwanza. Wanasema amefunga breki nusu ya umbali, basi kasi imepungua nusu. Kasi haipungui kwa mafungu sawa ya umbali. Inapungua kwa mafungu sawa ya muda, na mwanzoni pikipiki bado ina mbio, inazimeza mita nyingi kwa kila sekunde. Ndilo jiwe letu la duarani lililopinduliwa: lile lilipita mita nyingi katika sekunde ya mwisho, huyu anazipita katika sekunde ya kwanza. Masika, udongo mweusi wa mbuga ukishatapakaa juu ya lami, punguza breki kutoka 5 hadi 2 na urudie hesabu mwenyewe. Yule wa kilomita 72 atahitaji mita 120.

Kuna njia moja ya kuileta kasi ya barabarani katika lugha ya duara. Chukua kasi kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa 20. Jibu ni kimo, kwa mita, ambacho ungeanguka ili ufike chini na kasi hiyo. Kilomita 36 kwa saa ni kuanguka mita 5. Kilomita 50, ukomo wa kisheria ndani ya makazi ya watu, ni karibu mita 10. Fundi anayepaka rangi mnara wa kanisa kwa kimo hicho hujifunga kamba bila kukumbushwa. Kilomita 72 ni mita 20, duara zima. Basi la kilomita 80 kwa saa kati ya Tinde na Kahama limembeba kila abiria kwenye ukingo wa karibu mita 25, na mikanda ya viti iko pale, mara nyingi imekaliwa.